Mke wa Hewala

Tangu Jumatatu mchungaji mstaafu alikuwa akiuzunguka mlango wa chumba cha mbele kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chumba hicho kilikuwa cha mkewe: cherehani, meza ya kukatia, kamba ya nguo zinazosubiri pasi, na benchi lisilokosa watu. Wengine walikuja kushonewa, wengine walikuja kusikia nani kaachwa na nani kaposwa. Mama huyo aliitwa Mama Mchungaji miaka yote ya ndoa yake. Sasa mtaa mzima ulimwita Fundi, naye jina hilo alilipenda. Ukimwita hivyo barabarani, anageuka mwili mzima.

Kilichomsumbua mzee ni hiki. Jumatatu hiyo msimamizi wa wachungaji alimpigia simu: kanisa moja la mbali mchungaji wake ameugua, je, anaweza kwenda kulishika mwaka mmoja? Nyumba ipo.

"Na mama yuko tayari kuhama?" msimamizi aliuliza.

"Tayari kabisa."

Mama mwenyewe wakati huo alikuwa chumba cha mbele, pini mdomoni, anampima mteja kiuno. Hana habari wala fununu.

Si kwamba mzee alikusudia kudanganya. Mdomo ulimtangulia. Wamethodisti wana utaratibu wao: mchungaji hajichagulii kanisa. Mkutano hukaa, majina husomwa, na lako likisomwa unafunga mizigo, hata kama juzi tu ndiyo umepanda mboga. Wenzake walimbandika jina la Hewala kwa sababu hakuwahi kunung'unika. "Hewala si utumwa," aliwajibu, wakacheka wote. Ila kila alipoitikia yeye, kuna mtu aliyeizungushia cherehani blanketi, akawaaga wateja aliowapata kwa jasho, akaenda kuanza upya mahali asipojua hata duka la uzi liko wapi. Huyo hakuwahi kuulizwa. Kustaafu ndiko kulikompa mzee ruhusa ya kusema hapana, naye akaitumia kusema ndiyo ya watu wawili.

Alhamisi mchana alijikaza akaingia.

"Mama watoto."

"Sema, Baba."

"Sema tu, Mchungaji," alidakia jirani waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumzimia. "Hapa hakuna mgeni. Na kama ni siri, ndiyo kabisa, sogea karibu."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee akaomba maji ya kunywa, akanywa, akatoka. Hakufika mbali. Gari lilisimama nje, akashuka msimamizi mwenyewe.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, pita ndani."

Msimamizi akaingia, mzee nyuma yake, akamshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, nilikuwa napita, nikasema siwezi kupita bila kushukuru. Umri huu, na bado mmekubali kuhama! Waumini wameshapaka rangi mpaka jikoni."

Cherehani ikanyamaza. Redio akasogea ukingoni mwa benchi asipitwe na neno.

Fundi alimtazama mumewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia hodi ya mgeni anayemjua. Kisha akamgeukia msimamizi, akatabasamu lile tabasamu la Mama Mchungaji ambalo mzee hakuwa ameliona tangu wastaafu.

"Tunashukuru. Kazi ya Mungu haina kustaafu."

Kumbe anamsitiri! Angemtukana, mzee angepona. Alikumbuka waumini wa kila kituo wakimpongeza, una mke mwenye wito, Mchungaji, naye akiitikia amina, kana kwamba wito huo aliwahi kuuulizia.

"Sikumuuliza," akasema.

"Umesemaje?"

"Kwenye simu nilikudanganya. Mke wangu habari hii ameisikia kwako sasa hivi, sawa na Redio."

"Mimi nisitajwe," Redio alinong'ona.

Msimamizi alikaa, akavitazama viatu vyake. "Basi, Mama, na sasa tukikuuliza?"

"Aniulize yeye."

Mzee akasogea hadi kwenye cherehani. "Mke wangu, twende?"

"Hapana." Neno lilitoka dogo, kama uzi uliokatwa kwa meno. "Wewe ukitaka, nenda. Sikuzuii. Ila mizigo utafunga mwenyewe."

Na alitaka kwenda. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliitamani mimbari, na watu kusimama anapoingia. Hata dakika ile, mbele ya mwanamke aliyemkosea, moyo wake ulikuwa unapiga hesabu ya mashati ya kubeba.

"Siendi," akasema. "Waambie mwongo ni mimi, si mama."

"Watu wamepaka rangi, Mchungaji! Niwaambie mimi?"

"Basi Jumapili nitakuja nisimame mbele yao niwaambie mwenyewe."

Msimamizi aliondoka bila hata kugusa chai. Redio akavuta pumzi. "Mchungaji, leo ndiyo umehubiri."

"Hajahubiri kitu," Fundi alisema. "Amechelewa tu." Akamgeukia mumewe. "Na usiniangalie hivyo, kama mtu aliyenipa zawadi."

"Sikuangalii hivyo."

"Unaniangalia."

Ni kweli, kidogo. Mzee akashusha macho.

"Jumapili utakwenda peke yako," Fundi aliendelea, akichagua rangi ya uzi. "Na wakikuuliza mama yuko wapi, usithubutu kusema naumwa."

 Kichwani mzee alikuwa ameshafika kwenye mgongo wa mama unaouma, anafikiria kama mgongo utatosha au aongeze na miguu.