Nyuma Kushoto

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Baba azikwe, lakini gari lilikuwa bado limeinama upande wake.

Lilikuwa gari dogo, kuukuu, lenye rangi iliyopauka kama shati la kazini. Baba, mtu wa miraba minne, alikaa nyuma kushoto miaka yote kwa sababu kiti cha mbele kilimbana tumbo. Hapo ndipo alipokata roho, njiani kwenda hospitali, huku binti yake akiendesha na kumsimulia habari za shule ili asisinzie. Binti alisimulia mpaka getini. Hakujua alikuwa akizungumza peke yake tangu wapi.

Sasa kiti kilikuwa kitupu, na bado gari lililala kulekule, kana kwamba mtu amekaa anasubiri liwashwe. Kila lilipopita kwenye tuta, chini ya kiti kile kulisikika kishindo: ko, ko. Binti, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na mtu wa kutaka kila jambo liwe na sababu, alikuwa ameacha kutazama kioo cha kati.

Mama hakuweza kujifanya haoni. Goti lake lilikuwa limepasuliwa, na daktari alisema wazi: mazoezi ya kliniki mara tatu kwa wiki, na njiani mguu unyooshwe, la sivyo goti litaganda vilevile maisha yote. Katika gari lile mguu ungenyooka kwenye kiti cha nyuma tu. Wiki mbili zilipita mama akikataa kupanda.

"Hapo pamekaliwa," alisema. "Mimi sikai juu ya mtu."

"Mama, hakuna mtu."

"Basi liambie gari lisimame sawasawa."

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi mwalimu alilipeleka kwa Vidole, fundi wa nyumba ya nne kutoka kwao, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alipima kila kitu kwa vidole. Vidole alichuchumaa, akapima nafasi kati ya tairi na bodi. Kulia vidole vinne. Kushoto viwili, tena kwa kubana.

"Springi ya huku imechoka," mwalimu alisema.

"Mwalimu, siku nikija darasani kwako nitanyamaza," Vidole alijibu, akaingiza jeki.

Alizitoa springi zote mbili za nyuma, akazisimamisha mezani. Zilikuwa zimechoka, ndiyo, lakini zilikuwa sawa kama pacha. Vidole alizizungusha, akazipima tena.

"Hili sasa silipendi," alisema, na safari hii hakuwa akitania.

Akarudi uvunguni. Alipotoka alikuwa na bushi mkononi, kile kipande cha raba ndani ya bomba la chuma, pale mkono wa tairi unaposhikana na bodi. Raba ilikuwa imejisokota kama nguo iliyokamuliwa.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Mwalimu wa hesabu?"

"Pamoja na baba."

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Baba hakuweza kuingia uvunguni kwa sababu ya tumbo, basi alikaa mahali pake, mlango wazi, akitoa maelekezo kupitia sakafuni. Kisigino kikigonga mara moja, kaza bado. Kikigonga mara mbili, imetosha.

Vidole alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Raba ukiibana, inashika palepale ulipoibania. Ukiibana mtu mzito akiwa juu, gari likiwa tupu itakuwa inalivuta chini, lirudi kwenye uzito ule. Kila siku inamtafuta."

Mwalimu alikuwa ametaka sababu, na sasa alikuwa nayo. Haikumtuliza hata kidogo.

Mpaka saa nne Vidole alikuwa ameweka springi mpya, nene kuliko zile za kwanza, na shokapu mpya za kuzuia gari lisirukeruke. "Hizi za zamani zilishakufa," alisema. "Kishindo chako ndicho hiki." Akaweka na bushi mpya, akaliteremsha gari juu ya mbao ili lisimame kwa matairi yake. Kisha akaweka spana chini.

"Bolti za bushi sikazi mpaka akae atakayekaa. Mlete mama."

Nyumba nne zilimchukua mama robo saa, fimbo mkono huu, binti mkono ule. Alipofika aliiona bushi ya zamani kwenye beseni.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinamshika?"

"Ndicho, mama. Aliyekikaza ni mimi." Mwalimu akamweleza yote.

Mama aliifuta grisi kwa pindo la nguo yake, akaitia bushi mfukoni. "Na siku mliyokifunga akaniambia mmekwenda kununua gazeti," alisema. "Waongo wakubwa." Kisha akamgeukia fundi. "Sasa mmekifungua. Yeye anakwenda wapi?"

Vidole alijikuna kidevu. "Mama, mimi ni fundi wa gari tu."

Mama alisogea hadi mlango wa nyuma. Halafu akavua viatu, akavipanga chini kama mtu anayeingia chumba cha mwenzake, akapanda. Mgongo akauegemeza mlango wa kulia. Mwalimu akamnyanyulia miguu yote miwili, akainyoosha kwenye kiti kuelekea kushoto.

"Nipe spana," akamwambia Vidole.

Uvunguni palinuka grisi na vumbi, kama siku ile. Alikaza bolti ya kulia, kisha ya kushoto. Neno likamtoka kwa mazoea: "Bado?"

Juu yake sakafu ikagonga. Ko.

Akaongeza kidogo.

Ko, ko.

Aliacha. Alipotoka, Vidole alikuwa kule mezani na kikombe cha chai. Alikuja, akajaribu bolti zote mbili, akaguna. "Imetosha. Hata mimi nisingeongeza."

"Ahsante kwa kunigongea, mama."

"Nikugongee na nini?" mama alisema. "Miguu si umeiweka mwenyewe hapa juu?"

Vidole alipima kushoto: vidole vinne. Akapima kulia: vinne.

Kliniki ingefungwa saa sita, basi wakaondoka moja kwa moja. Tuta la kwanza gari lilipanda, likashuka, kimya. La pili, kimya. Mwalimu akainua macho kwenye kioo kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu. Mama alikuwa ameegemea mlango, mkono mfukoni, mguu wake mbovu umenyooka mahali pa baba.

"Kimya hiki sikiwezi," mama alisema. "Siku ile ya hospitali ulikuwa unamsimulia nini baba yako?"

"Kuna mwanafunzi aliniuliza swali, nikakosa jibu mbele ya darasa zima."

"Swali gani?"

Akapunguza mwendo, kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa ndefu, akaanza upya tangu mwanzo.