Jioni ya Kimarekani Klabuni Thornlaw

Mume wangu Ken alipokufa, dada yangu Darlene alinipigia simu kutoka Virginia ya Magharibi akasema chumba kiko tayari, kitanda kimetandikwa, na haoni sababu ya mimi kubaki Uingereza peke yangu kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Akanipa mpaka Jumapili nimpe jibu, maana mwanawe naye alikuwa anakitaka chumba hichohicho. Nikamwambia sawa, Jumapili. Nikakata simu, nikalia kidogo, nikajikasirikia kwa kulia, nikatoka kwenda kununua mkate.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Norma Tulip.

Norma ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akipiga chafya namwombea heri nikiwa jikoni kwangu. Sote tunaishi Thornlaw, kijiji cha mgodi ambacho hakina tena mgodi. Waliofunga mgodi ule nawajua kwa majina na kwa vyeo, nimeandika vipeperushi vingi juu yao, na hapa sitarudia. Nasema tu kwamba sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Ken nilikutana naye mwaka wa ule mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa Uingereza. Chama chao cha wafanyakazi kilimtuma Marekani kuomba msaada, akaja kuhutubia kwenye ukumbi wetu wa wachimba makaa, mimi nikiwa nimeshika ndoo ya michango mlangoni. Hatukuelewa nusu ya maneno yake, lakini tuliijaza ndoo. Mwaka uliofuata nikamfuata. Thornlaw walikuwa wamejiandaa kumpokea mwanamke wa Kimarekani mwenye meno meupe, gari refu na nywele za kwenye televisheni. Akashuka kwenye basi binti wa mchimba makaa aliyeacha shule kabla ya kumaliza, akiwa na sanduku moja lililofungwa kamba.

Hawakuamini. Mpaka leo wapo wanaodhani nimeficha hela mahali.

Wiki ya kwanza nilichemsha maji ya chai kwenye maikrowevu badala ya birika. Norma alikuwa amekaa mezani. Alikiangalia kikombe kinavyozunguka mle ndani kwenye mwanga kama mtu anayemwangalia mtoto mchanga akizunguka mle. Jioni ile kijiji kizima kilijua. Nimeishi nao zaidi ya miaka ishirini, nimewazika wazee wao, nimekaa kwenye kamati tatu, na bado mgeni akija klabuni, ukumbi wa wachimbaji wa zamani, wananitambulisha hivi: "Huyu ni Opal, mke wa Ken. Muulize anavyopika chai."

Maswali yao nayakumbuka yote. Una bunduki ngapi? Nikawaambia baba alikuwa nayo moja, ya kuwindia kindi, kwa sababu tulikuwa tunawala. Jibu hilo liliwafurahisha kuliko kama ningesema mia. Unamfahamu binamu yangu, yuko Florida? Kweli mnapanda gari kwenda kwa jirani? Na kwa nini mnamwambia kila mtu awe na siku njema, hata msiyemjua? Nikamjibu mwuliza swali kwamba bora siku njema ya bure kuliko kununiwa bure. Akafikiri sana, akasema yeye kununiwa amekuzoea.

Lakini mimi nami nilikuwa na maswali yangu. Siku moja Norma alinialika tule mjini, kwenye supu yake ukaonekana unywele. Mhudumu akapita, akauliza kama chakula ni kizuri. Norma akasema, "Kizuri sana, ahsante, mpenzi." Akaila yote. Kisha akalalamika juu ya unywele ule njia nzima, na wiki nzima, kwa kila mtu isipokuwa yule mhudumu. Tuliporudi pale nikakuta unywele kwenye sahani yangu, mimi nilimwita mhudumu nikamwonyesha kwa upole tu, na Norma akajifunika uso kwa karatasi ya vyakula kama nimevua nguo mbele za watu.

Lakini baada ya hapo akaanza kunitumia. "Opal, nisindikize dukani kwa viatu, hiki kimebanduka soli. Hutahitaji kusema kitu. Wewe simama tu, wakusikie ni Mmarekani."

"Watanisikiaje kama sisemi kitu?"

"Basi sema kidogo."

Hivyo nilipomwambia habari za Darlene na Jumapili, Norma alifuta meza iliyokuwa safi, akaniambia, "Jumamosi klabuni kuna jioni ya Kimarekani. Wilf anaandaa."

"Kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako hasa," akasema. "Ni jioni tu. Lakini uje."

Wilf Hindmarsh alifanya kazi chini ya ardhi pamoja na Ken tangu wakiwa vijana. Mgodi ulipofungwa wapo waliokunywa pombe, wapo waliofuga njiwa. Wilf akawa kauboi. Alianzisha kikundi chake, wanaume wenye magoti mabovu waliokutana klabuni wakiwa na kofia pana, nyota za bati kifuani na bastola za mlio tu, zisizo na risasi, wakishindana nani atachomoa haraka. Sikuwahi kwenda hata mara moja. Ken alinizuia. "Mke wangu, ukienda utahutubia," alisema, "na wale wanataka kupumzika."

Jumamosi nikavaa gauni langu la bluu, nikaenda. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Ndani ya ukumbi walikuwa wamechora kwenye mbao jangwa jekundu na mipungate mirefu ya miiba. Kwetu hakuna jangwa. Kwetu ni milima ya kijani na mvua isiyokatika, kwetu kunafanana na Thornlaw kuliko Thornlaw yenyewe inavyojua. Mezani kulikuwa na soseji za kopo ndani ya mikate laini, maharage, na mahindi yaliyochemshwa mpaka yakakata tamaa. Norma alivaa kofia ya kauboi na beji ya plastiki, uso umemuiva kwa aibu.

"Usicheke," akaniambia.

"Sicheki. Umependeza."

Nilisema kweli. Walikuwepo wote, hata wasiotoka nyumbani siku hizi, wamekaa na vikofia vyao wakiniangalia kwa pembe ya jicho kuona kama nimefurahi. Nikawaza, huenda nikabaki.

Wilf akaja na kisibau chake cheusi. "Karibu nyumbani, Mmarekani," akasema, akapunga mkono kuelekea ukutani nyuma yake.

Hapo ndipo nikaiona. Bendera nyekundu, upana wa ukuta mzima, ina msalaba wa bluu uliolala kiubavu na nyota nyeupe ndani yake.

"Wilf," nikasema, "hii umeitoa wapi?"

"Nilinunua Blackpool, kule pwani, zamani. Ya kwenu hiyo."

"Unajua ni ya nani?"

"Ya waasi," akasema kwa fahari, akanyoosha mgongo. "Watu waliokataa kuamrishwa na serikali. Kama sisi."

Nilimtazama mzee yule nikaona hanitanii. Miaka yote hiyo amesimama chini ya kitambaa kile akidhani amesimama na wanyonge.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kula soseji, nikasema ni tamu sana, ahsante, mpenzi. Lakini nilijijua: nikinyamaza jioni ile, Jumapili naondoka. Siwezi kuzeeka mahali ambapo inabidi nimeze kitu kama kile na kutabasamu. Na nikisema, pengine wao wenyewe wangenisindikiza mpaka uwanja wa ndege.

Wilf akanipa kipaza sauti. "Maneno mawili tu, bibi. Watu wana njaa."

Ken alikuwa sahihi. Nilihutubia.

Niliwaambia wale waasi wa majimbo ya kusini waliasi ili waendelee kumiliki watu kama watumwa, wauze watoto mbele ya mama zao. Niliwaambia jimbo letu lilijitenga nao wakati wa vita vile vya utumwa, na kwamba babu yangu, miaka mingi baadaye, hakuvaa nyota ya bati, alivaa leso nyekundu shingoni, akapanda mlima na maelfu ya wachimba makaa, weupe na weusi mstari mmoja, kwenda kupambana na walinzi wa kampuni iliyomiliki nyumba zao, duka lao na kanisa lao. Niliwaambia juu ya Otis Calloway, rafiki wa baba yangu, mchimbaji mweusi aliyegombea ukatibu wa chama pale kwetu. Weupe wasiomtaka walikuja kumchomea nyumba wakiwa na bendera hii juu ya gari. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka harufu.

"Ni mapambo tu, mpenzi," akasema mtu nyuma, kwa upole.

"Opal," Norma akanong'ona, "soseji zinapoa."

"Nitamaliza. Kuna mtu anakaa mtaa wa juu," nikasema, "ambaye jina lake halitajwi humu. Alirudi kazini mgomo haujaisha. Hajavuka mlango huu tangu siku ile, na nyinyi mnapishana naye barabarani kama mnapishana na nguzo. Ningekuja leo na picha yake nikaitundika pale juu ya maharage, nikawaambia ni mapambo tu, mngenifanya nini?"

Nimehutubia mbele ya polisi wenye farasi, na ilikuwa rahisi kuliko pale. Mtu akakohoa. Mwingine akatazama dirishani akasema huenda mvua ikanyesha. Wilf akavua kofia, akaiweka mezani taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kunitazama.

Basi, nikajisemea. Darlene atapata jibu lake. Nikachukua koti langu.

"Unakwenda wapi?" Norma akanishika mkono.

"Nimewaharibia jioni."

"Umeiharibu, ndiyo. Sasa kaa ule, tumechemsha mahindi tangu mchana."

"Nimeona, Norma. Yanaonekana."

Mlango wa nyuma ukagonga. Wilf alirudi akiburuta ngazi kutoka stoo. Akaiegemeza ukutani, akaanza kupanda, goti moja likilia kama bawaba. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, maana kumsaidia kungekuwa kukiri kwamba kuna jambo limetokea. Watu wote wakapata ghafla hamu kubwa ya maharage. Nikaweka koti chini, nikaenda nikaishika ngazi.

Akazungumza huku ameupa ukuta uso. "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Sikuwahi kuja."

"Ungekuja."

"Ken alisema nitahutubia."

"Alikujua." Akang'oa pini ya kwanza. "Umenilinganisha na yule mtu wa mtaa wa juu. Mbele ya watu."

"Sikukulinganisha wewe. Nimelinganisha kitambaa."

"Imeniuma vilevile."

"Najua, Wilf."

Akang'oa pini nyingine. "Yule Otis. Alipona?"

"Alipona. Alihamia Ohio, hakurudi tena mgodini. Mkewe alitutumia kadi kila Krismasi."

Bendera ikaanguka nusu, ikamfunika kichwa. Nikaivuta. Akashuka kwa pumzi fupi fupi, akaikunja mara nne, akaipeleka mwenyewe jikoni, nikasikia mfuniko wa pipa la taka ukifunguliwa na kufungwa. Kurudi kwake akasimama nami tukitazama ukuta. Pale ilipokuwa bendera rangi ilikuwa mpya, ya krimu. Kuzunguka kote ilikuwa njano ya moshi wa sigara za miaka.

"Haipendezi," akasema mtu.

"Inahitaji kupakwa upya."

"Krimu tena?"

"Krimu inachafuka. Kijani."

"Kijani ni ya hospitali."

Wakabishana. Wakabishana kwa moyo, sahani mkononi, kofia zikienda upande, na mimi nikala soseji mbili ambazo zilikuwa zimepoa kabisa. Hakuna aliyeniomba radhi, na sikuomba. Wilf akapita nyuma ya kiti changu akaelekea kaunta, akasimama.

"Jumanne tunapaka ukuta," akasema, akiangalia bia yake. "Saa nne asubuhi. Hatuna brashi za kutosha."

"Ninazo za Ken."

"Basi uje nazo."

Akaenda zake. Norma alikuwa anaangalia sahani yake kwa makini makubwa, na niliona beji yake ya plastiki inapanda na kushuka kama ya mtu anayezuia machozi.

Jumapili nikampigia Darlene, nikamwambia ampe kijana chumba.

"Kwa nini?" akauliza. "Kuna nini huko?"

"Jumanne nina kazi ya kupaka rangi klabuni."

"Opal, unabaki Uingereza kwa sababu ya ukuta?"

"Wameniomba."

"Wamekuomba ubaki?"

"Hapana," nikasema. "Wamesema nije na brashi."

Darlene akasema watu hao ni wa ajabu. Nikamwambia ndiyo, na kwamba huenda rangi ikawa kijani nisipofika mapema.