Hodi Kutoka Mgeta

Tangu lori la kabichi limtupe Innocent kwenye mteremko wa kushukia Sangasanga, hakuna mtu nyumbani kwao Mgeta aliyempigia hodi. Pazia la chumba chake lilifunuliwa na yeyote, wakati wowote: mama yake mwenye uji, majirani wenye pole, kuku mwenye shughuli zake. Miguu iliacha kusikia amri, na watu wakachukulia kwamba mlango nao umeacha kuwa wake.

Prisca, mdogo wake, aliliona hilo kila alipopanda kutoka Morogoro mjini, nalo lilimuuma kuliko ile miguu. Miguu ilichukuliwa na breki mbovu. Hodi ilichukuliwa na watu, na kilichochukuliwa na watu, Prisca aliamini, watu hao hao wanaweza kukirudisha. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa mawasiliano, meza ya kutengeneza simu karibu na stendi ya Msamvu, na moyo ambao mama yake alisema uliumbwa bila gome.

Redio ndiyo iliyowafanya ndugu hawa wawe marafiki tena ukubwani. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari, bali redio ya ridhaa, ile ambayo mtu hufanyia mtihani, akapewa leseni, na pamoja na leseni akapewa jina la hewani: tarakimu na herufi ambazo hakuna mwingine anazo duniani. Prisca alikuwa na lake tangu chuoni. Innocent alilipata kipindi cha kliniki, alipokuwa akilala kwa Prisca mjini na hana la kufanya ila kusoma. Mtihani aliufanya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akapasi. Wiki zile alizungumza na watu wa Mwanza, Tanga na Pemba, akacheka nao, akabishana nao mpira. Kisha wakamrudisha mlimani, na mlima ukamziba mdomo. Redio yake ya mkononi haikuweza kuruka mabega ya Uluguru, hata angeishika dirishani mchana kutwa.

Mama yao, Rosa, ndiye aliyempigia Prisca simu kumpa habari mpya. Mjomba Fransisko alikuwa amekitazama chumba cha Innocent, chumba chenye dirisha la kuangalia bonde, akaona ni kikavu na kinafaa kuhifadhia viazi vya mbegu. Innocent angehamishiwa kijichumba cha nyuma ya jiko, karibu na moto, karibu na mama. Jumamosi jioni vijana wangeleta magunia.

Mjomba Fransisko hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembeba Innocent mgongoni siku ile, tangu korongoni hadi barabarani, na shati lake lenye damu hakulifua kwa muda mrefu. Tena kwa Waluguru mjomba ni mjomba: yeye ndiye msimamizi wa lukolo, ukoo wa upande wa mama, na neno lake juu ya nyumba na shamba halirukwi ovyo. Alikuwa amemwuliza Rosa. Alikuwa amewauliza wenye magunia. Innocent hakuulizwa.

Prisca alipompigia kaka yake, alimkuta ameshakubali, na kukubali kule kulimtisha kuliko ambavyo hasira ingemtisha. Waache, Innocent alisema, viazi vinazaa, yeye hazai. Prisca akamwambia viazi visubiri. Jumamosi hiyo hiyo angekuja na mtambo wa safari, na Innocent angeingia kwenye baraza la hewani la jioni, lile linaloendeshwa na Mzee Hatibu wa Dakawa.

Innocent alicheka kidogo. "Haya, mhandisi. Mzee Hatibu akilisoma jina langu lote, sihami. Asipolisoma, nipelekeni hata kwenye banda la mbuzi."

Alilisema kama mzaha. Prisca hakulipokea kama mzaha.

Mtambo wenyewe ungeweza kuudharau ukiukuta mezani. Ilikuwa kompyuta ndogo nyembamba, upana wake kama viberiti viwili, na juu yake bodi ya redio yenye antena fupi kama kidole gumba, vyote ndani ya kopo la siagi alilolitoboa kwa msumari wa moto ili lipumue. Wenye mchezo huu huuita hotspoti. Unapokea sauti kutoka kwenye redio ya mkononi iliyo jirani, unaisafirisha kwa intaneti hadi kwa wenzako popote walipo, na kukurudishia majibu yao. Chumbani kwake mjini ulifanya kazi bila kelele. Lakini ulikuwa mtambo wa nyumbani, uliozoea intaneti ya nyumbani, na mtambo usiojua kutoka nje ya kwao hausaidii mtu wa Mgeta.

Kwa hiyo aliufundisha kusafiri. Aliandika ndani yake jina la intaneti ya simu yake pamoja na neno la siri, maana ukifika ugenini bila kuufahamisha hayo kwanza, utabaki unautazama nao unakutazama. Akazima kila kitu, akawasha simu, akangoja. Kimya. Akarudia, kimya. Alihangaika nao karibu siku nzima, akafikia kushuku msumari wake wa moto, ndipo alipotambua kwamba simu yake mpya ilirusha intaneti kwenye masafa ya juu, na ile kompyuta ya bei rahisi ilisikia masafa ya chini tu. Ilikuwa kama kumwita mtu kwa lugha asiyoijua, halafu ukamkasirikia kwa kutoitika. Akabadilisha mpangilio kwenye simu, na taa ya kijani ikawaka. Kisha akaubeba na pawabenki yake hadi kwenye benchi la stendi, akaujaribu pale katikati ya honi na wauza karanga, hadi aliporidhika kwamba umeshajua kutembea.

Jumamosi alipanda Mgeta mapema, kwa gari lililokuwa likirudisha matenga matupu.

Ndani ya nyumba yao mtandao wa simu haufiki. Unapatikana sehemu moja tu, kwenye tuta la juu, chini ya mti wa mapeasi, na wenyeji huuita mti huo Posta kwa sababu kila mwenye la kusema na mji husimama hapo. Prisca alikuwa amelihesabu hilo tangu mjini. Simu na mtambo vingekaa pamoja mtini, na redio ingebaki mkononi mwa Innocent kitandani, kwa kuwa kutoka pale hadi dirishani kwake ni mwendo ambao ile antena fupi iliuweza. Alivitia ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya ukungu, akapanda, akafunga kamba.

Mjomba Fransisko alimkuta bado yuko juu ya tawi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Teremka tuongee kama watu."

Aliteremka. Mjomba aliutazama mfuko uliokuwa ukining'inia, akautazama tena, kama anayetafuta pa kuukosoa akakosa pa kuanzia.

"Prisca, unamnusisha mwenzio pilau. Ukiondoka kesho, atabaki na njaa kubwa zaidi."

"Njaa anayo tayari, mjomba. Ila hakuna anayemwuliza."

"Mgonjwa haulizwi. Mgonjwa anatunzwa." Mjomba alisema taratibu, kwa huruma ya kweli, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Hata hodi hapigiwi. Ukimpigia, ataamka vipi akufungulie?"

"Pale pana pazia, mjomba. Pazia halitaki miguu. Linataka neno."

Mjomba akasema mti ule ni wa lukolo, na yeye hakuruhusu lukolo litundikiwe makopo. Aushushe. Utotoni Prisca aliitii sauti ile kila ilipoita jina lake.

"Ni wa lukolo, kweli," alisema. "Na lukolo linapita kwa mama. Mama yangu yule pale anapeta maharage. Mimi ni mwanawe, na Innocent ni mwanawe. Wewe ni msimamizi wetu na tunakuheshimu, mjomba. Lakini siushushi."

Mjomba Fransisko akasema magunia yatafika jioni kama yalivyopangwa, akashuka zake na njia ya matutani.

Saa ya baraza ilipokaribia, Prisca alimwegemeza kaka yake kwenye mito, akampa redio. Innocent alikuwa amejinyoa, na amevaa shati la kola. Mama Rosa alisimama kwenye pazia, akaondoka, akarudi. Kisha sauti ya Mzee Hatibu ikajaa chumbani, safi kabisa, utadhani yuko sebuleni. Alikuwa fundi pampu mstaafu wa mashamba ya mpunga, na baraza aliliendesha kama alivyokuwa akigawa maji: kila mtu kwa zamu yake. Akawasalimu wote, akauliza nani yupo.

Innocent alibonyeza na kusema papo hapo, kama mtu aliyeishikilia pumzi tangu siku aliyorudishwa mlimani.

"Kituo kinachoishia na M," alisema Mzee Hatibu, "nimekupata nusu. Jina lako halina kichwa. Uko nchi gani?"

Majina yote ya hewani ya Tanzania huanza kwa tano na H, na ndicho kipande kilichopotea. Innocent akarudia, kwa sauti kubwa na kwa haraka zaidi. Mzee akajibu kwamba bado hana kichwa. Akarudia tena.

"Rafiki, bila jina kamili siwezi kukuingiza. Ni kanuni, si roho mbaya. Jaribu baadaye." Akampa zamu mtu wa Tanga.

Innocent aliilaza redio kifuani. "Basi," alisema. "Naulizwa niko nchi gani." Kutoka nje walisikia gunia la kwanza likitua kwenye baraza ya nyumba, na sauti ya mjomba ikielekeza.

Prisca alikagua aliyoweza kukagua. Mawimbi yalitosha, intaneti ilikuwepo, na Mzee Hatibu alisikika bila mkwaruzo. Alitaka kukimbilia mtini, akasita mlangoni, akamwomba kaka yake afanye kama alivyofanya, ila asiseme kwa nguvu. Safari hii hakuitazama redio. Alikitazama kidole gumba cha kaka yake. Kilibonyeza, na mdomo ukafunguka wakati ule ule.

Kosa lilikuwa la Prisca mwenyewe. Redio ya namna hii hailingani na kuongea ana kwa ana: ukibonyeza, kwanza inauita mtambo, mtambo unaitika kwa mlio mfupi, ndipo njia inafunguka. Lolote utakalosema kabla ya mlio linabaki nje. Kule mjini Innocent alitumia redio ya Prisca ya zamani, isiyo na mambo hayo, na kidole cha Prisca kilishazoea kungoja kiasi kwamba hakukumbuka kuwa kungoja hufundishwa.

"Kaka," alisema, "unaingia kwa watu bila hodi."

Innocent alimgeukia.

"Ukibonyeza, hiyo ni hodi. Usiseme kitu. Ngoja mlio, huo ndio karibu. Halafu ingia na jina lako lote."

Innocent aliitazama redio, akalitazama pazia, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi mito ikateleza. "Yaani mimi," alisema, "mimi ninayewalalamikia hawa moyoni kila siku."

"Hata wewe."

Mtu wa Tanga alipomaliza, Mzee Hatibu akauliza kama kuna aliyesahaulika. Innocent alibonyeza. Akangoja. Mlio ukaja, mdogo kama wa kifaranga.

"Tano, H, tatu, I, M. Jina langu Innocent. Naongea kutoka Mgeta, milima ya Uluguru."

Mzee Hatibu akayasoma yote, polepole, tarakimu kwa tarakimu, herufi kwa herufi, bila kuacha hata moja. "Jina nimelipata lote, Innocent wa Mgeta. Shikamoo ndiyo sijaisikia."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tupe hali ya huko."

Prisca alikaa chini sakafuni. Innocent akawaeleza. Akasema ukungu unashuka bondeni kama maziwa yanayomwagika, magari yanapakia karoti kwa ajili ya Dar, na upande wa misheni jua bado liko kwenye mabati. "Yote haya nayaona," alisema, "kwa sababu niko chumbani kwangu, kwenye dirisha langu, na ninakusudia kubaki..."

Pazia likafunuka. Mjomba Fransisko alikuwa na gunia begani na mguu mmoja tayari ndani. Nyuma yake alisimama Mama Rosa na kikombe cha chai.

Innocent hakukitoa kidole chake kwenye kitufe. Aliinua mkono wa pili, kiganja kikamwelekea mjomba.

"Hodi kwanza, mjomba."

Mjomba alimtazama Prisca, na Prisca hakuinamisha macho. Mjomba akamgeukia dada yake amsaidie. Mama Rosa, na chai yake mkononi, alirudi hatua moja nyuma, akasimama mahali anaposimama mtu ambaye hajakaribishwa.

Pazia likashuka. Walisikia gunia likitua chini. Walisikia kikohozi, na baada ya kikohozi sauti ambayo haikuwa imezoea kuomba.

"Hodi."

Innocent akaachia kitufe. Mara sauti ya Mzee Hatibu ikaingia kutoka Dakawa. "Innocent, nasikia mtu anabisha huko kwako. Nenda ukamkaribishe, sisi tunakungoja."

Nenda. Innocent alitabasamu kwa neno hilo. Kule hewani hakuna aliyemwonea huruma. Alikuwa mtu mwenye nyumba na mgeni.

Hakufanya haraka. Chini ya pazia viatu vya mjomba vilionekana, vimekaa sambamba, ncha zikielekea ndani, vinasubiri.

"Karibu, mjomba," Innocent alisema. "Viazi acha nje."