CD Iliyotetemesha Meza

Fanueli alikuwa amesaga mahindi ya watu wa Kalenga, Iringa, kwa miaka thelathini na moja, na miaka hiyo yote alikuwa pia mwalimu wa kwaya ya usharika wao. Mashine inayoumwa aliitambua kwa sikio. Asubuhi ile, akiwa ameketi kwenye kibanda cha binti yake Lusia, fundi kompyuta wa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, alisikia kitu kinaumwa.

"Hebu iweke tena," alisema.

Lusia akaisukuma CD ndani ya laptop ya kwaya. Ilianza kuzunguka taratibu, kisha ikachanganya mwendo, ikanguruma, meza ikatetemeka mpaka bisibisi zikagongana ndani ya kopo. Clement, fundi simu aliyepanga kibanda hicho pamoja na Lusia, akainua kichwa.

"Samahani mzee wangu, hiyo drive ya kusomea CD imeshakufa."

"Hata Iringa mjini waliniambia hivyo hivyo," Fanueli akajibu kinyonge.

Ndiyo maana alisafiri mpaka Mbeya. Kwaya ilirekodi nyimbo kumi na nne mwaka 2006, na CD iliyobaki ilikuwa hiyo moja tu. Wimbo wa tisa, wa Kihehe, aliutunga na kuuongoza marehemu mkewe, Tekla, mama yake Lusia. Sasa jubilei ya usharika ilikuwa inakaribia, vijana wanautaka, na hakuna aliyekumbuka ubeti wa tatu. Hata yeye, mume, ulikuwa umemtoka. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Lusia hakubishana na Clement. Alifungua droo, akatoa CD nyingine, akaiweka kwenye laptop ile ile. Kimya. Ilisikika inapumua tu. Akaitoa, akarudisha ya kwaya. Ngurumo.

"Drive ni nzima, baba. Ugonjwa uko kwenye CD."

Akaigeuza chini ya taa. Juu yake ilibandikwa karatasi yenye picha ya wanakwaya wote wamevaa majoho. Ilikuwa imekaa upande, na ukingo mmoja ulikuwa umekunjamana na kufanya donge la gundi.

"Nani alibandika hii?"

"Mimi," Fanueli akasema. "Nilitaka ipendeze." Aliona haya, akanyoosha ukucha aibandue palepale. Lusia akamdaka mkono.

"Usiiguse, baba! Nyimbo hazipo upande huu unaong'aa. Zipo huku juu, kwenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na karatasi imegandia hapo. Ukiivuta, zinatoka nayo."

Fanueli akaurudisha mkono mapajani kama aliyegusa chungu cha moto.

"Basi ndiyo mwisho wake," Clement akasema kwa huruma.

Lusia alikuwa bado anaitazama CD. "Baba, mashine yako ikianza kutikisika, unafanyaje?"

"Napunguza mwendo kwanza. Halafu puli, lile gurudumu la mkanda, naitungika kwenye chuma, nautafuta upande mzito."

"Haya. Mwendo niachie mimi. Upande mzito ni kazi yako."

Clement akampa spoku ya baiskeli. Fanueli akaipitisha kwenye tundu la CD, akaisukuma kwa kidole, akangoja. Mara tano ilisimama, na mara zote tano lile donge lilikuwa chini. Akaonyesha upande wa pili kwa ncha ya kalamu. "Hapa panataka kitu. Kidogo sana." Lusia akakata kipande cha utepe wa gundi chenye ukubwa wa punje ya mchele, akakibandika na kukikandamiza vizuri. Wakaipima tena, wakaongeza kipande cha pili. Safari hii CD ilisimama popote ilipotaka.

Kisha Lusia akafungua programu kwenye laptop, akaiamuru drive izunguke kwa mwendo wa chini kabisa. Akaiingiza. Meza ikatulia. Fanueli akaweka kiganja juu ya laptop, akasikia mtetemo mdogo tu, kama wa paka anayekoroma.

Nyimbo zikaanza kuhamia kwenye flashi. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. Wa tisa ukakwama nusu. Lusia aliusimamisha, akaipumzisha drive, akaanza upya bila papara. Ukakwama tena. Mara ya tatu ukapita.

Aliucheza palepale. Sauti ya Tekla ikajaa kibandani, nzito na yenye uhakika, na ubeti wa tatu ukaja wote, neno kwa neno. Clement aliacha kuchomea waya za simu aliyokuwa akiitengeneza. Lusia aliuma mdomo, machozi yakamlengalenga. Alikuwa msichana mdogo sauti ile ilipokuwa hai.

Fanueli hakulia. Alikuwa anaitazama mikono ya mwanawe, iliyokuwa imetulia kando ya laptop. Akachukua simu, akampigia Sabina, mwenyekiti wa kwaya.

"Kamwene, mama Sabina," akamsalimu kwa Kihehe. "Sikiliza hii." Akaisogeza simu kwenye spika.

Upande wa pili kikapigwa kigelegele. "Kweli ni Tekla! Nani ametutengenezea?"

"Fundi wa huku Mbeya."

"Fundi gani huyo, tumshukuru?"

Fanueli akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka soko zima lisikie:

"Lusia. Lusia wangu mimi na wa Tekla!"