Sifuri ya Mzee Ambokile

1.

TANGAZO: WODI YA UPASUAJI, WANAUME

Kila mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ataulizwa ukali wa maumivu yake kila baada ya saa mbili. Sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa. Kumi ni maumivu yasiyovumilika. Namba itajwe na mgonjwa mwenyewe. Muuguzi haruhusiwi kukisia. Kuanzia saba, daktari aitwe mara moja.

2.

Muuguzi ni mimi, Tusekile. Leo Jumamosi tulipangwa wawili. Mwenzangu akaondoka na gari la wagonjwa kusindikiza majeruhi Mbeya, nikabaki na vitanda kumi na vinne. Kitanda cha nne amelala baba mkwe wangu.

Usinicheke. Kwetu Unyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Wengi wameacha. Mzee Ambokile hakuacha, nami kwa miaka kumi na mmoja nimemfuata, maana ni mtu mwema na sikutaka kumuudhi.

Jana alipasuliwa ngiri iliyobana utumbo. Walikata kipande, wakaunga.

3.

Saa nne asubuhi. Nimesimama nyuma ya pazia. Mama Bupe, mfanya usafi, amesimama kando ya kitanda na fagio lake.

— Mama Bupe, muulize baba maumivu ni ngapi.

— Baba, mkamwana wako anauliza, unaumwa ngapi?

— Mwambie sijambo.

— Anataka namba.

— Basi mwambie sifuri.

Nikaandika: 0.

4.

(Mzee, moyoni.)

Ningesema ngapi? Nikisema saba watakuja kunifunua. Na atakayefunua ni nani? Ni yeye. Mke wa mwanangu aone kinena changu, halafu kesho anipikie! Niliwahi kuvunjika mguu shambani, nikajikokota nao mpaka nyumbani. Hili tumbo nalo

lita…

5.

Saa sita. Mapigo ya moyo: 104. Joto: 38.1. Maumivu: 0.

Saa nane. Mapigo ya moyo: 128. Joto: 39. Maumivu: 0.

Vipimo alimvalisha Mama Bupe; mwandiko ni wangu.

6.

Kitanda cha tano, dereva wa lori aliyekatwa vidole:

"Sista, samahani. Mzee wako anatafuna shuka."

7.

(Simu.)

— Daktari, kitanda cha nne simwelewi.

— Maumivu ngapi?

— Anasema sifuri. Lakini mapigo yanakimbia.

— Tumbo umelishika?

— Bado.

— Nina mtu mezani, tumbo liko wazi. Mwongezee dripu. Shika tumbo lake sasa hivi, halafu nipigie.

8.

Wewe unayesoma, najua ungefanya nini. Ungemfunua saa nne ileile. Hata mimi, angekuwa mzee wa mtu mwingine, ningemfunua huku napiga soga. Mama Bupe niliweza kumtuma aulize. Kushika tumbo sikuweza kumtuma.

Nikaenda kunawa mikono. Nikarudi mpaka kwenye pazia. Nikaenda kunawa tena. Naona aibu kukuambia nilinawa mara ngapi.

9.

Saa tisa.

Nikavuta pazia, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: "Baba, nisamehe."

Nikafunua.

Tumbo

gumu

kama ubao.

Alinitazama. Nami nikamtazama. Kumbe ana macho ya kahawia, kama ya mume wangu, na yalikuwa yamejaa machozi.

"Kumi, mwanangu," akasema. "Tangu asubuhi ni kumi."

10.

OFISI YA MUUGUZI MKUU

Kabla ya kukabidhi zamu, unatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini mgonjwa wa kitanda cha nne, ambaye mshono wa utumbo wake umeachia, alirekodiwa maumivu sifuri mara tatu mfululizo.

Maelezo:

Niliandika sifuri kwa sababu aliitaja mwenyewe, kama tangazo linavyoagiza.

Niliandika sifuri kwa sababu nilimheshimu.

Niliandika sifuri kwa sababu ilinipa nafuu mimi. Ilimradi ni sifuri, sikuwa na haja ya…

11.

Saa kumi na moja. Mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa. Daktari alipoingia na baba aliniambia tusiombe muujiza, tuombe muda.

Mama mkwe amefika, khanga begani, viatu vimejaa tope. Wambea wa korido wamekwishampasha habari.

— Ni kweli umemfunua baba yako?

Nikapiga magoti palepale sakafuni. Nilijua maneno yanayokuja, nikayainamia.

— Ni kweli, mama. Nimemfunua, na tumbo nimelishika.

— Saa ngapi?

— Saa tisa.

— Na maumivu yalianza lini?

— Asubuhi.

Akakaa kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyebeba mzigo mzito. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

— Mbona ulichelewa, mwanangu?