Mtamba wa Lekakeny

Lekakeny alimswaga yule mtamba kwa miguu kutoka nyika za Handeni hadi Mashewa, akamkabidhi Jabiri kamba. Mwaka uliotangulia, ukame ulipowabana wafugaji, Jabiri alimwachia mabua ya shamba lake lote alishie, wala hakudai kitu. Sasa shukrani ilikuwa imekuja na pembe zake.

"Kuanzia leo hatuitani majina," alisema Lekakeny. "Kwetu aliyetoa ng'ombe na aliyepewa wanaitana Pakiteng, mpaka kufa."

"Haya, Pakiteng," akajibu Jabiri, na jina likamkaa vizuri mdomoni.

Jabiri alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Tunu, wa kisasa, mwenye mimba kubwa. Maziwa yake ndiyo yaliyoiendesha nyumba. Bwana mifugo alikwisha kumwonya kwamba mnyama mgeni akae mbali kwanza, aogeshwe dawa. Zamani josho la serikali lingemaliza kazi hiyo, lakini miaka ya ruksa na soko huria ilipoingia majosho yalikauka, dawa ikawa ya mwenye nacho, na kupe nao wakapata ruksa yao. Haya, nani angemfunga nje ng'ombe wa urafiki, aliyemleta amesimama pale pale? Mwanaidi, mkewe, alimvuta kando akamkumbusha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Jabiri akamjibu, akamwingiza mtamba bandani, ubavuni mwa Tunu. Lekakeny aliona, akafurahi sana.

Vuli ilipoanza, tezi za Tunu zilivimba chini ya masikio, akaacha kula. Bwana mifugo alilifunua sikio. Kupe walijazana humo kama mbegu za mbarika.

"Ndigana kali," alisema. "Mmechelewa kuniita."

Tunu alikufa akitoka povu puani, na ndama wake tumboni. Jabiri alichimba shimo akingoja uchungu uje, haukuja. Mwanaidi alilia kwa niaba ya wote wawili. Kesho yake Jabiri alikwenda kukata majani, akarudi na mzigo wa ng'ombe wawili. Mtamba aliula wote. Alikuwa mzima, manyoya yanang'aa. Jabiri alimtazama akitamani angalau amchukie, lakini hata hilo lilimshinda.

Lekakeny alipokuja kusalimia alianza kuita tangu njiani, "Pakiteng! Hujambo, Pakiteng?" Kisha akaona udongo mbichi nyuma ya banda. Mwanaidi ndiye aliyemweleza. Lekakeny akakaa chini, fimbo mapajani.

"Wa kwetu huumwa ugonjwa huu wakiwa ndama," alisema taratibu. "Anayepona haumwi tena. Sikujua anaweza kubaki nao mwilini, akawapa wengine."

"Hukujua," alisema Jabiri.

"Kwetu ng'ombe wa namna hii harudishwi. Lakini ukisema nimchukue, nitamchukua."

"Mwache. Hana kosa."

Mwanaidi akaleta chai ya rangi. Tangu Lekakeny aanze kufika nyumba ile hakuwahi kunywa chai isiyo na maziwa. Aliitazama, akamtazama mama mwenye nyumba, akainamisha uso.

Jabiri akamsogezea kikombe, kwa adabu ile ile ya siku zote.

"Karibu chai, Lekakeny," alisema.

Wote watatu walilisikia jina hilo. Jabiri mwenyewe alingoja ajirekebishe, lakini mdomo haukufunguka. Lekakeny alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakaa nacho hivyo mpaka chai ikapoa.