Jibu la Mzee Spas

Mwaka mzima ulikuwa umepita, na Zornitsa bado alikuwa hawezi kuvumilia vichwa vya watu. Akiingia dukani kuuliza kama mkate umetoka, muuzaji anatikisa kichwa kulia na kushoto, yaani ndiyo, upo. Akimuuliza jirani kama basi la saa mbili limeshapita, naye anatikisa vilevile. Ndiyo, limepita. Mji mzima wa Lom, kando ya mto Danube, hukubali hivyo, kuanzia mtoto wa mgongoni hadi kizee. Lakini kwake yeye kila kichwa kilichotikiswa kilikuwa cha baba yake, ndani ya chumba cha meli, mbele ya mhudumu ambaye hata jina hakumuuliza.

Na hiyo safari ni yeye aliyeing'ang'ania! Hapo ndipo palipomuuma. Wazazi wake, mzee Spas na mama Ginka, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Wao walitaka kondoo wa kuchoma uani na majirani wachache, basi. Zornitsa akasema thubutu, mwaka huu mtaiona bahari: siku saba kwenye Mediterania, wao wawili, yeye na binti yake Kalina. Mzee akaguna. "Mimi Danube inanitosha. Ina ng'ambo, naiona." Lakini akakubali, maana Zornitsa alikuwa mwanawe wa pekee na hakujua kumnyima kitu.

Wiki moja kabla ya kuondoka, Zornitsa akamfanyisha mazoezi jikoni.

"Baba, huko nje mambo ni kinyume. Ukitaka, kichwa juu na chini. Hutaki, kulia na kushoto. Haya, tujaribu. Unataka kahawa?"

Mzee akatikisa kulia na kushoto.

"Umeshaikosa!"

"Nimeikosaje na mimi naitaka?"

"Kwao umeikataa, baba."

"Basi wao ndio wana kasoro. Nipe kahawa yangu, mwanamke we."

Wakacheka mpaka mama Ginka akawatupia kitambaa cha vyombo. Kufikia jioni mzee alikuwa anapatia mara tatu kati ya tano, na Zornitsa akaona yatosha. Ee Mungu wangu, akaona yatosha!

Siku ya tano meli ilitia nanga kwenye kisiwa kimoja cha Wagiriki. Baada ya kifungua kinywa mzee akasema tumbo limejaa gesi, nendeni tu, mimi nitajilaza. Zornitsa hakuridhika. Akamkamata mhudumu wa vyumba kwenye korido, mwanamume wa makamo aliyejaa heshima, akamwomba kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: saa sita ingia, umuulize kama anataka daktari. Neno daktari baba angelielewa kwa lugha yoyote. Kisha wakashuka, wakanunua sabuni za mzeituni, wakapiga picha na paka.

Waliporudi saa kumi, mzee alikuwa amekaa kitini, amekufa. Alikuwa amevaa koti. Na viatu, kamba zimefungwa vizuri! Mtu ambaye miaka hamsini hakukubali kiatu kivuke kizingiti cha nyumba yake, leo amekaa na viatu juu ya zulia.

Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni. "Nilimuuliza, mama. Nikasema daktari? Daktari? Akatikisa kichwa."

"Alitikisaje?"

Akamwonyesha. Kulia, kushoto. "Mara nyingi, mama. Na akatabasamu. Basi nikafunga mlango nisimsumbue."

Maneno hayo Zornitsa hakumwambia mtu. Alichosema ni kwamba baba aliulizwa, akakataa. Mama Ginka akayapokea na kuyashikilia. "Unamjua alivyokuwa mbishi," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Daktari kamkataa, kisha akavaa viatu atufuate mjini. Alikuwa anakuja kwangu." Kila aliposema hivyo uso wake ulikunjuka kidogo.

Zornitsa naye alitamani kuamini. Kama baba alilikumbuka somo la jikoni, basi alikataa mwenyewe, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini kama alilisahau, basi alikubali. Aliomba daktari, akavaa viatu, akakaa kumngoja, saa nne nzima, akiuangalia mlango. Ilikuwa moja kati ya hayo mawili, na lipi hasa hakulijua. Akipika, akifua, alikiona kile kiti. Mara nyingine alisikia kabisa kamba za viatu zikivutwa chumba cha pili, akaenda kuangalia, akakuta kitanda kimetandikwa tu.

Siku ya kumbukumbu ya mwaka walitoka makaburini mapema. Padri alikuwa amemwaga divai kaburini, nao wamegawa ngano ya kuchemsha yenye sukari. Mlangoni mwa nyumba walibandika tangazo jipya la kumbukumbu lenye picha ya mzee. Walipokwisha kula, mama Ginka akasukuma sahani.

"Kalina, lete simu yako. Picha za kuganda nimezichoka. Nataka kumwona babu yako akitembea."

"Bibi, una uhakika?"

"Lete, usinipotezee muda."

Tangu warudi hakuna aliyethubutu kuzifungua zile video. Kalina akapitisha kidole, akachagua moja. "Hii ni asubuhi ileile. Kisiwa hicho, dirishani."

Na kweli, huyo hapo mzee Spas, mezani, na koti lake. Mhudumu wa mezani anapita na birika la kahawa, anamuuliza. Mzee anatikisa kichwa kulia na kushoto, kwa furaha, huku anasogeza kikombe. Mhudumu anashukuru, anapita zake. Mzee anabaki na kikombe mkononi. Kisha anaitazama simu. "Huyu naye ni kiziwi?" Kalina wa kwenye simu anaangua kicheko.

Mama Ginka naye akacheka, akacheka hadi machozi. "Maskini mume wangu, kaikosa tena!"

Zornitsa hakucheka. Akashika meza. Baba alikuwa amelisahau somo. Asubuhi ileile, saa chache tu kabla, baba alikuwa amesahau kabisa.

Kicheko cha mama kikapungua, kikakatika. Akaitazama ile simu iliyokwisha kuzima kioo. Halafu polepole akamgeukia mwanawe.

"Zornitsa. Siku ile ulisema baba yako alimkataa daktari."

"Ndiyo, mama."

"Alikataa kwa mdomo? Alitamka? Niambie, mwanangu. Maana kama ni kwa kichwa, mimi leo sitainuka hapa nilipokaa."

Zornitsa akafungua mdomo, sauti haikutoka. Basi akamtazama mama yake machoni, akajikaza akatabasamu, akatikisa kichwa kulia na kushoto. Ndiyo, mama. Kwa mdomo.

Mama Ginka akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akachukua sahani, akaenda jikoni.

Zornitsa alibaki amekaa palepale. Mama alikuwa ameshaondoka, mlango wa jikoni umeshafungwa, na yeye bado anatabasamu, bado anatikisa kichwa, kulia, kushoto, mara nyingi.